Mtungi wa Miyagi

Vijana wengi tunaijua karate kwa sinema za Bruce Lee: teke moja, watu watano chini! Mwambie mshikaji kwamba bingwa mkubwa alianzia kwenye mitungi, atakucheka.

Lakini ndivyo ilivyo. Chojun Miyagi alizaliwa mwaka 1888 mjini Naha, kisiwani Okinawa, akalelewa kuwa mrithi wa ukoo wa wafanyabiashara matajiri. Alipofika miaka 14 hivi alipelekwa kwa mwalimu Kanryo Higaonna. Pale utajiri haukumsaidia kitu. Inasimuliwa kwamba alifanyishwa kazi za nyumbani, akakimbizwa, kisha akasimamishwa kwenye Sanchin: hatua chache tu, pumzi ndani, pumzi nje, mwalimu akimpiga makofi mabegani kupima kama amekaza mwili. Siku nenda siku rudi, jambo ni lilelile. Mitungi nayo hushikwa mdomoni kwa vidole, mmoja kila mkono, mtu akitembea polepole. Alidumu na Higaonna mpaka mzee alipofariki mwaka 1915. Mtindo aliouunda baadaye, Goju-ryu, uliletwa Dar es Salaam na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, mwaka 1973.

Mimi ni mtu wa Ngorongo, Rufiji. Habari ya mtungi hainitishi. Dada zangu walichota maji mtoni, ndoo kichwani, jicho likiangaza mamba. Shingo zao ngumu kuliko za wapiganaji. Mbona hakuna aliyewafunga mkanda mweusi?

Uzito ni uleule, jamani. Ila Miyagi aliuchagua, na akiutua alikuwepo mtu wa kumwambia kesho aongeze nini. Dada yangu akitua ndoo aliambiwa mpunga haujatwangwa. Taabu peke yake haimtoi mtu bingwa, inamchosha tu.

Ndiyo maana nakereka tukikutana waandishi vijana, halafu kila mmoja anajisifu eti shida ndiyo iliyomfunza kuandika. Shida imewafika wengi, bwana! Sisi tunachokosa ni Sanchin yetu: sentensi ileile irudiwe mara mia, na awepo mtu wa kutupiga bega aone kama tumesimama.

Nina mdogo wangu wa kike, fundi wa kusimulia hadithi. Ndoo anayo tayari. Nahangaika kumtafutia mwalimu.