Kumbe Mkono wa Birika ni mimi!

Kuna zawadi nyingine ukipewa unacheka kwa adabu tu, moyoni unalia. Mimi ya kwangu niliipata mwaka 1992, nikiwa darasa la nne. Tulikuwa watoto watano, tunangoja nguo za sikukuu kama kawaida, gauni la marinda na viatu vya kugonga sakafu. Jioni ya mkesha baba akaingia na kifurushi cha gazeti kwapani. Kufungua, kitabu! Tena kimoja kwa watu watano, cha mtumba, jalada limechanika, kimenunuliwa kwa wale wauza vitabu wa kutandika chini pale Samora.

Mama hakusema neno. Alikwenda jikoni, tukasikia jinsi masufuria yanavyowekwa, ukajua hapo pana kazi.

Kitabu chenyewe ni A Christmas Carol cha Mwingereza Charles Dickens. Baba alikuwa karani wa ghala la mtu binafsi, Kiingereza chake cha shule ya zamani. Alikuwa anasoma kimoyomoyo, halafu anatumwagia kwa Kiswahili chake mwenyewe. Scrooge hakumwita Scrooge, alimwita Bwana Mkono wa Birika. Mzee tajiri wa London, ana karani wake Bob Cratchit anayemlipa shilingi 15 kwa wiki. Baridi ya kuua, lakini sanduku la makaa ya mawe mzee kalihifadhi chumbani kwake. Karani akiomba siku moja tu ya Krismasi, bosi ananuna utadhani kaibiwa.

Basi bwana, usiku wa mkesha anatokewa na mzimu wa mshirika wake wa biashara, Marley, aliyekufa miaka 7 nyuma. Anaburuta mnyororo wenye masanduku ya pesa, funguo, kufuli na madaftari ya hesabu. Baba akifika hapo alikuwa anatoa funguo za ghala mfukoni anazitingisha polepole. Jamani! Mdogo wangu wa mwisho alikojoa palepale kwenye mkeka. Baadaye wanakuja mizimu mingine mitatu, na wa tatu ndiye kiboko, anamwonyesha mzee jinsi atakavyokufa na watu watakavyouza mablanketi na mapazia ya kitanda chake, hata shati la maiti. Siku hiyo tulilala wote kitanda kimoja. Viatu nilivikumbuka asubuhi kanisani, nilipoona vya wenzangu.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila mkesha baba anasoma, na kila mwaka anaongeza chumvi. Bata mzinga ambaye Scrooge anampelekea karani wake mwishoni, kwa baba alikuwa "kuku mwenye cheo". Alipofariki mwaka 2009 wenzangu waligombea kabati na redio. Mimi nikachukua kitabu, wakanicheka.

Ukubwani ndipo nilipojua habari za mwandishi mwenyewe. Dickens alikiandika kwa wiki kama sita tu, mwishoni mwa mwaka 1843, huku mfuko wake umetoboka. Kilitoka Desemba 19, na kufikia mkesha wa Krismasi nakala 6,000 zilikuwa zimekwisha. Ungedhani kapata mshiko wa maana. Wapi! Alitaka jalada jekundu, nakshi za dhahabu, picha za rangi, na gharama zote juu yake. Alitegemea pauni 1,000, toleo la kwanza likampa kama 230.

Lakini kilichonichoma ni bei. Kitabu kiliuzwa shilingi 5. Piga hesabu mwenyewe, ni theluthi ya mshahara wa wiki wa Bob Cratchit. Yaani karani ambaye hadithi inamlilia, asingeweza kukinunua. Na Dickens shida aliijua, hakusimuliwa. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani London kwa madeni, na yeye, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vyupa vya dawa ya viatu.

Haya yote nilikuwa nayajua, tena nayasimulia kwenye vikao vya akina mama kama msomi. Sasa sikiliza kilichonipata Krismasi ya 2022.

Nyumbani nilikuwa na dada wa kazi, binti wa Korogwe. Aliomba ruhusa tangu Novemba aende akale sikukuu na mama yake. Nikamwambia wageni wanakuja, wifi na watoto wake, nani atapika? Asubiri Januari. Akasema, "Sawa mama." Mshahara wake wa miezi minne nilikuwa nao mimi. Eti namtunzia. Wenye nyumba wenzangu mnaijua lugha hiyo.

Usiku wa mkesha nikawakalisha wanangu sebuleni na kitabu cha babu yao. Nikasoma kwa mbwembwe zote, funguo za gari mkononi. Nikafika pale Scrooge anapombania karani siku moja. Binti yangu wa miaka 9 akanikatiza.

"Mama, kama wewe na dada."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayejibu swali la mwalimu. Nikamwambia anyamaze, usiku umekwenda, kalaleni. Nikafunga kitabu. Kugeuka, dada kasimama mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi.

Nilalie wapi? Mizimu haikuja, ila usingizi nao haukuja. Alfajiri nikaamka nikamkuta tayari anachambua mchele wa pilau. Nikamwambia ajiandae, nampeleka stendi ya Mbezi. Tulihangaika pale mpaka saa nne, mabasi ya Tanga yamejaa, na waliobakiza kiti wanataka nauli ya kukufuru. Tukarudi. Alipika yeye lile pilau, na mimi nikaosha vyombo, wifi ananitazama kama nimerukwa na akili.

Desemba 26 akapata basi. Nikampa za miezi minne zote na nauli. Alihesabu mara mbili mbele yangu. Ilinikera kidogo, nisiwe mnafiki, halafu nikakumbuka kwamba hiyo ilikuwa haki yake.

Januari hakurudi. Simu haipatikani. Shoga zangu wakanicheka, wakasema hayo ndiyo matunda ya kusoma vitabu vya wazungu, ungempa nusu. Mwenzenu nikawa napika, nafua, nawahi kazini, nachelewa kazini.

Mwezi wa tatu ikaingia namba ngeni. Yeye! Kafungua genge la nyanya na vitunguu kwao, mama yake anaendelea vizuri, watoto hawajambo? Nikajua sasa anaomba mkopo. Nikajiandaa kukataa.

"Mama," akasema, "yule mzee wa minyororo, mwisho wake ulikuwaje? Ulifunga kitabu."

Nikakaa kwenye kochi nikaanza upya, kwa Kiswahili cha baba. Tulipofika kwa kuku mwenye cheo, vocha yake ikakatika. Nikampigia mimi.