Mbili Mara Tatu

Apitaye barabara ya Mizingani mjini Unguja huona jumba kubwa lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, naye akafa mwaka 1891 kabla halijakwisha. Kwa miaka mingi dawa zilitolewa humo, na hata leo, ingawa hazitolewi tena, watu huliita Dispensari ya Kale.

Kutoa dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa nyumbani, na mara nyingi hufanywa na mtoto, maana ndiye ajuaye kusoma. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Malindi. Siku moja bibi yangu alirudi kwa mganga na bahasha ya vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500. Juu yake pameandikwa: 2 x 3. Binamu yangu, hodari wa hesabu, akasema upesi, "Bibi, mbili mara tatu ni sita," akamtilia sita kiganjani. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa! Lakini bibi alivitazama, akasema, "Wajukuu zangu, hivi ni vingi mno. Nendeni mkamwulize aliyenipa."

Tukaenda mbio. Yule mtoa dawa akatueleza ya kwamba alama ile si ya kuzidisha. Maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Basi fanyeni hesabu ya kweli. Sita mara tatu ni 18, na mtu mzima hapasi kupita 8 kwa siku moja. Vikizidi huliharibu ini, na huenda mtu asihisi uchungu wo wote siku ya kwanza.

Tena, "kila saa 8" si saa nane ya mchana peke yake. Aanzaye saa 12 asubuhi hunywa tena saa 8 mchana, kisha saa 4 usiku. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa asijipangie mwenyewe. Amwulize mganga kwanza, kwani si dawa zote ziwezazo kuwekwa kati ya futari na daku.

Katika dawa ya malaria hatari ni kupunguza. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikachukua artesuneti pamoja na amodiakwini, zinywewazo siku 3. Siku ya pili homa imeshuka, mgonjwa ataka wali na samaki, na vidonge vilivyobaki hufungwa katika pindo la kanga, eti akiba. Kumbe vimelea vichache bado vimo damuni. Bibi alikuwa na desturi yake: kila amezapo kidonge, huweka kokwa moja ya tende dirishani. Jirani alipobisha hodi siku ya nne kuomba vilivyosalia, alionyeshwa kokwa.