Nilipoiachia kompyuta igawe maeneo bunge

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zimenibana. Jumamosi iliyopita stima hapa Makongeni haikupotea, nikakaa kuandika programu ndogo. Nilitaka kujua kura yangu ya Thika ina uzito gani ikipimwa na za Wakenya wengine.

Hesabu yenyewe imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 89. Chukua idadi ya watu wote, gawanya kwa maeneo bunge 290. Kwa sensa ya 2019, watu 47,564,296, unapata kama 164,015 kwa kila mbunge. Eneo bunge linaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, au 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache.

Toleo la kwanza lilinipa majibu ya ajabu. Nilikuwa nimeunganisha majedwali mawili kwa kutumia majina, na programu haikujua kwamba kuna Makongeni ya Thika na Makongeni ya Nairobi. Mnaoanza kuprogramu, shikeni hili: jina la mahali si kitambulisho. Nilipoweka namba badala ya majina, mambo yakanyooka.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, Thika mjini, Juja na Ruiru zilikuwa ndani ya eneo bunge moja, Juja. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ikaligawa vipande vitatu. Hii hapa sensa ya 2019:

Ruiru: 371,111
Juja: 300,948
Thika Magharibi na Mashariki: 284,776

Jumla ni 956,835. Gawanya kwa 164,015, unapata 5.8. Sisi tuna wabunge watatu.

Basi nikaiambia programu isawazishe. Chai haikuwa imepoa, ikamaliza. Lakini 290 haiongezeki bila kubadilisha katiba, kwa hiyo ukiongeza kiti hapa lazima ufute kwingine. Cha kwanza kufutwa kilikuwa Lamu Mashariki, watu 22,258. Mwaka 2012 katiba ilizuia eneo bunge lolote lililokuwepo lisipotee, lakini kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu.

Hapo nikaacha kuandika. Mimi nikitaka kumfuata mbunge wangu napanda matatu au natembea. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, anasubiri boti. Kifungu hichohicho cha 89 kinataka jiografia na njia za mawasiliano zitazamwe pia, na programu yangu haikuwa na safu ya boti. Kwa upande mwingine, mbunge wa Ruiru anabeba watu zaidi ya mara 16 ya wale wa Lamu Mashariki. Hilo nalo si haki.

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Kuanzia Machi 2012, mwisho ulikuwa Machi 2024. Mwezi huo ulipita IEBC ikiwa haina hata kamishna mmoja.

Bado naamini sisi wa huku tumepunjwa. Ila siku ya kwenda kudai, nitakwenda nikijua nadai kiti cha nani. Wewe msomaji, ungefuta lipi?