Nilivyowafungia Watu Maneno Yao Ndani ya Picha

Kosa langu halikutokana na kutojua. Nilijua nilichokuwa nikifanya, na sikukiacha kwa sababu kilinilipa.

Nina kibanda cha saiba Kapkatet, kando ya barabara ya Sotik. Wateja wangu ni watu wa majani chai na watoto wao: huyu anataka wasifu wa kazi, yule barua ya basari, mwingine orodha ya wanachama. Mwanzoni kugeuza hati kuwa picha kulikuwa msaada wa kweli. Barua niliyochapa kwa Word ilifika kwenye simu ya mteja imevurugika, jedwali limetawanyika na sahihi imehamia ukurasa wa pili. Nikaanza kuhifadhi kila kitu kama JPG. Picha hufunguka kwenye simu yoyote, na ninavyoiona mimi ndivyo atakavyoiona mteja. Watu walifurahi, nami nikaitwa fundi.

Kisha nikaona faida nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Maneno yaliyogeuzwa picha mwenyewe hawezi kuyarekebisha. Kijana akibadilisha namba ya simu, au akitaka kuongeza mstari mmoja kwenye wasifu wake, ni lazima arudi kwangu. Akiuliza, "Ile ya zamani si iko?" nilimjibu kwamba ilishafutika, kwa hiyo tuanze upya. Mara nyingi ilikuwepo. Nilibadilisha tarakimu chache nikamtoza bei ya kuchapa ukurasa mzima. Wengine walikuwa watoto wa wachuma chai wanaolipwa kwa kilo, na hilo nililijua vizuri.

Orodha ya chama cha akina mama ndiyo iliyoniumbua. Nilichapa majina yao na namba za vitambulisho, nikampa karani wao picha peke yake. Walipotakiwa kuwasilisha majina upya, karani alikaa na simu yake akinakili tarakimu moja baada ya nyingine. Fomu ikarudishwa: namba ya mama mmoja haikuwa yake. Mama huyo alikuja kibandani mwenyewe, akaninyooshea simu.

"Kijana wangu, hii ni tatu ama ni nane?"

Niliikuza ile picha hadi ikajaa kioo. Sikuweza kumjibu.

Kilichotokea hakina uchawi. Ili faili ziwe nyepesi, nilizoea kuhifadhi kurasa kwa nukta 72 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho karatasi ya A4 inabaki na nukta 595 kwa 842, na tarakimu ya maandishi madogo huambulia nukta saba hivi kwa kimo. JPEG, mfumo wa hizo JPG uliotoka 1992 kwa ajili ya picha za kamera, hukata picha katika vimiraba vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa sehemu ya undani ambayo jicho halitaikosa. Kwenye uso wa mtu au shamba la chai, huwezi kugundua. Lakini tarakimu yangu nzima ilitosha ndani ya kimiraba kimoja, na undani uliotupwa ndio uliotenganisha tatu na nane. WhatsApp nayo ikaibana tena ile picha ilipotumwa.

Faili ya asili ilikuwa kwenye kompyuta yangu muda wote huo. Karani nilikuwa nimemwambia sina.

Baada ya hapo alikuja mwalimu mstaafu asiyeona. Barua yake aliitunga mwenyewe kwa mdomo, mimi nikichapa. Simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Alipoifungua JPG yangu, simu ilisema "picha" ikanyamaza. Akagusa tena, ikasema neno lilelile. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Mimi nilikuwa nimemnyima hata maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Picha ina mahali pake, sibishi. Agosti 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, na thamani ya zile picha ilikuwa katika mwandiko, sahihi na mihuri: kila mtu aliweza kujionea karatasi yenyewe. Lakini waliotaka kujumlisha kura ilibidi wakae chini wachape tarakimu upya, fomu moja baada ya nyingine. Picha inathibitisha kwamba karatasi ilikuwepo. Ukitaka kuhesabu, kutafuta au kusahihisha, unahitaji maandishi.

Na kisingizio changu cha kwanza, kwamba hati zinavurugika, kilikuwa na dawa tangu 1993, PDF ilipoanza. Hubeba herufi zake yenyewe, haivurugiki, na maneno yaliyomo hubaki maneno: yanatafutika, yananakilika, simu inayasoma. Sasa mteja anaondoka na PDF pamoja na faili ya Word. Tovuti ikidai JPG, ninaitoa kwa nukta 300 kwa inchi. Nikiwa na uhuru wa kuchagua picha, natumia PNG, ambayo haitupi kitu.

Mapato ya kuchapa yamepungua, na yanastahili kupungua. Akina mama wa chama nimewarudishia pesa zao. Wengine siwezi kuwakumbuka wote, na wengi hawajui kwamba niliwadanganya. Kama uliwahi kuambiwa kibandani kwangu kwamba faili yako ilifutika, njoo unitajie jina lako. Huenda bado iko, na safari hii hulipi.