Royale ya Dearborn

Mtu akienda Michigan kwa mara ya kwanza hutaka kuiona Detroit. Sisi Detroit tuliiacha kando. Mjomba, anayeishi Columbus, Ohio, na ambaye zamani alikuwa fundi wa malori Iringa, alikuwa ameniahidi kwamba nikikanyaga Marekani tu atanipeleka Dearborn nikaione Bugatti. Tukatoka alfajiri, tukapita Toledo, tukaingia Michigan kwa barabara ya I-75. Njiani hakuna la kusimulia: mahindi, soya na malori.

Dearborn ni mji wa Ford. Henry Ford alizaliwa eneo hilo mwaka 1863, na kiwanda chake kikubwa cha Rouge kiliwavuta watu wa kila asili, wakiwemo Walebanoni na Wayemeni. Ndiyo maana mabango mengi ya maduka yameandikwa Kiarabu, na katika mgahawa tulioingia Mjomba alipotoa salamu aliitikiwa na chumba kizima. Tulikula mikate ya zaatari, tukanywa chai, akaanza kunihimiza. "Maliza, mwanangu. Gari linasubiri."

Makumbusho ya Henry Ford yamejengwa upande wa mbele kwa mfano wa Independence Hall ya Philadelphia, na sakafu yake ni ya mbao za mtiki, pana hadi miguu inalalamika. Humo mna treni za mvuke, ndege na matrekta. Mjomba hakunipa nafasi ya kutazama chochote. Alinishika mkono, tukapita vyote hivyo kama watu waliochelewa mazishi.

Ni Bugatti Type 41 ya mwaka 1931, ile inayoitwa Royale. Rangi yake ni nyeupe iliyofifia kidogo, yenye mapambo ya kijani kilichokoza. Boneti peke yake ni ndefu kuliko gari dogo la mjini, na abiria wamesukumwa nyuma kana kwamba walikumbukwa mwishoni. Usukani uko kulia, jambo lililonifurahisha katika nchi ambayo kila dereva anakaa kushoto. Paa ni la kukunja, na ubavuni mwake kuna chuma kirefu kilichopindwa mithili ya herufi S, kilichong'arishwa vizuri. Nilikaa nacho muda mrefu. Bodi hiyo ilichongwa Munich na Ludwig Weinberger, na nadhani ustadi wake unaonekana zaidi hapo kuliko kwenye ile rejeta kubwa ya mbele. Ukilitazama kwa mbele, gari linajigamba. Ukilitazama kwa ubavu, limetulia, na ndipo uzuri wake ulipo.

"Injini lita ngapi?" nikauliza.

"Kumi na mbili na pointi saba. Silinda nane, mstari mmoja." Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni injini ya Scania, mwanangu. Ile inayopandisha mzigo mlima Kitonga. Huyu bwana Bugatti ameiweka kwenye gari la kwenda harusini."

Nguvu zake ni za farasi 300, uzito tani tatu na ushei. Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan aliyefungua kiwanda chake Molsheim, huko Alsace, alikusudia kuwauzia wafalme. Hakuna mfalme aliyenunua. Uchumi wa dunia uliporomoka kuanzia 1929, na Royale zote zilizotengenezwa ni sita, tatu tu zikapata wateja. Bei ya hii ilikuwa dola 43,000, wakati Ford Model A ya kawaida haikufika dola 700. Injini zilizobaki kiwandani zikafungwa kwenye mabehewa yenye injini ya reli za Ufaransa, yakabeba abiria wa kawaida kwa kasi kubwa. Kwa maoni yangu, huko ndiko zilikostahili tangu mwanzo.

Mteja wa gari hili alikuwa daktari wa uzazi wa Ujerumani, Josef Fuchs. Lilikuwa jeusi wakati huo. Wanazi walipotawala, daktari alihama nchi, na gari likaishia New York, tena kwenye yadi ya vyuma chakavu. Katika miaka ya 1940 lilionwa huko na Charles Chayne, mhandisi wa General Motors, akalinunua, akalifufua. Aliondoa kabureta moja ya asili, akaweka nne. Akabadilisha breki kuwa za mafuta. Akalipaka hii rangi nyeupe. Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaomlaumu kwa kuharibu uasili. Mjomba hataki kusikia lawama hizo. "Angelikuta limekatwa vipande, wangesema nini? Fundi kazi yake ni gari litembee." Nami nipo upande wake. Chayne na mkewe Esther ndio waliolitoa zawadi kwa makumbusho, ndipo likapata maskani katika nyumba ya mtu aliyetajirika kwa kuwauzia watu wa kawaida magari ya bei nafuu.

Ukipata safari ya upande huo, tenga siku nzima na vaa viatu vya kutembelea. Basi la Montgomery ambamo Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti mwaka 1955 limo katika jengo hilohilo, na hilo unaruhusiwa kupanda na kuketi. Royale utaitazama tu, nje ya kizuizi, simama ubavuni.