Besi ya Mjomba

Kosa lilikuwa langu. Mapema mwaka 2024 tulikuwa tumekaa barazani na mamangu, twala viazi karai, nikamsomea habari kwenye simu: besi ya Paul McCartney, ile Höfner yenye umbo la fidla aliyoinunua Hamburg mwaka 1961 na ikaibwa London mwaka 1972, imepatikana. Ilikuwa imehifadhiwa darini, kwenye nyumba ya watu. Mimi niliona ni kisa kitamu tu. Mamangu akaacha kutafuna.

"Na ile ya kakangu?"

Ya kakake ilikuwa juu ya kabati, imeviringishwa kwenye leso kuukuu. Mjomba alipiga besi kwenye harusi za Mombasa miaka na miaka: wikendi taarabu, katikati ya wiki nyimbo za kuwafurahisha watalii hotelini. Alipofariki alituachia besi hiyo na amplifaya iliyokufa kabla yake. Jina la kichwani lilishabanduka zamani, lakini yeye alikuwa akiiita "Fender yangu", na nani angembishia?

Mamangu si mtu wa magitaa, ni mtu wa hesabu. Akaniuliza Fender ya miaka ya 1960 yauzwa kiasi gani. Nikamwambia ukweli: ikiwa halisi na nzima, maelfu ya dola. Sikufikiria namkabidhi nini. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikiwa na deni la karo, na tangu hapo naandika vya watu: makala za utalii, maelezo ya nyumba za kupangisha, tafsiri za haraka haraka. Mama hajawahi kunilaumu. Lakini wiki ile alianza kusema "utakaporudi chuo" kama mtu asemavyo "jua litakapotua".

Basi nikaibeba hadi kwa fundi.

Kijiduka chake kiko Mji wa Kale, hatua chache ukitoka Ngome ya Yesu ukaingia Ndia Kuu. Hana kibao mlangoni. Wamtambua kwa harufu ya risasi ya kuchomelea waya na redio iliyofunuliwa tumbo juu ya meza. Nilipofungua leso hakuuliza ni ya nani. Alisema tu, "Kumbe ingalipo," kisha akanionyesha besi mbili za wateja zilizokuwa zimetundikwa ukutani. "Kabla hujaniuliza bei, sikiza."

Ya kwanza ilikuwa Fender Precision ya bendi moja ya hoteli. Leo Fender aliitoa mwaka 1951 huko California. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba lile dubwana la kusimama, lisilo na vyuma shingoni, na ilibidi sauti aitafute kwa sikio. Leo akaweka vyuma, na kidole kikapata mahali pake hasa, ndiyo maana ya jina lenyewe. Nikaipiga uzi wa chini. Ilitoka nzito, sauti moja isiyogawanyika, kama komeo la mlango wa Kibajuni likianguka mahali pake.

Ya pili ilikuwa Jazz Bass, ya mtu wetu mmoja aishiye Muscat. Hii ilizaliwa mwaka 1960. Shingo yake karibu na kichwa ina upana wa milimita 38 hivi, wakati Precision za mwanzo zilikuwa kama 44, na tofauti hiyo vidole vyaijua hata kabla ya macho. Ina sumaku mbili badala ya moja. Ukifungua ile ya nyuma, karibu na daraja, sauti yakaza na kila noti yasikika na kingo zake. Ukifungua ya mbele, yajaa. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kisha akaipima ya mjomba kwa futi. Uzi, kutoka kichwani hadi darajani, ulikuwa sentimita 76. Fender zile mbili zilikuwa na 86.

"Fupi," nikasema.

"Fupi. Lakini usilie bado. Fender wenyewe walitoa fupi, Mustang, mwaka 1966."

Akafungua skrubu nne za nyuma na shingo ikatoka. Akanieleza anachotafuta: Fender wa zamani walipiga muhuri wa tarehe kwenye kitako cha shingo, au waliandika kwa penseli. Tulimulika kwa tochi ya simu. Hapakuwa na kitu. Kwenye tundu la mwili mbao ilionyesha matabaka yake, moja juu ya jingine kama sambusa iliyokatwa. Plaiwudi.

"Hino si Fender, mwanangu. Hino ni ya Kijapani, ya kunakili. Zilikuja nyingi. Shilingi 15,000, ukipata anayejua. Asiyejua hatakupa hata tano."

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mamangu. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna madrasa. Kisha nikaona haya, kwa sababu niliyemwona mbele yangu alikuwa mama, na kikokotoo chake, na lile neno lake "utakaporudi".

Fundi alikuwa ameinama bado. Alitoa kibanzi cha karatasi ngumu kilichokuwa kimebanwa kati ya shingo na mwili. Mafundi huweka kitu kama hicho kubadilisha pembe ya shingo kidogo, ili nyuzi zisiwe juu mno. Kilikuwa kimekatwa vizuri kwa wembe kutoka paketi ya Sportsman. Mamangu mpaka kesho atakuapia kwamba kakake hakuwahi kuvuta sigara.

Tukaifunga tena, kibanzi kikarudi mahali pake, akaiunganisha na amplifaya. Nyuzi zilikuwa zile bapa, ambazo kidole hupita juu yake kimya, na mjomba hakuzibadilisha miaka mingi. Nilimwambia fundi kuwa James Jamerson, aliyepiga besi nyimbo za Motown kwenye Precision yake ya mwaka 1962, naye alijulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi. "Mjombako hakuwa na pesa," akasema, tukacheka. Kisha akapiga.

Uzi mfupi haukazwi sana, kwa hivyo noti hutoka ya mviringo na hufa mapema. Kwenye muziki wa dansi huo ungekuwa upungufu: aliyewahi kucheza "Sina Makosa" ya Les Wanyika ajua jinsi besi ya Tom Malanga inavyoubeba wimbo mgongoni. Lakini taarabu ya Mombasa ina tabla, na tabla ina besi yake. Fundi alinieleza kwamba tangu Black Star wa Tanga walipoingiza magitaa ya umeme kwenye taarabu, kazi ya mpiga besi imekuwa kusema neno lake na kuondoka, tabla ipate nafasi. Aliizima ile ya mjomba, akapiga vilevile kwenye Jazz Bass. Sauti ilikuwa nzuri zaidi, sitadanganya. Lakini ilikawia.

Ile iliyokufa mapema niliijua. Nililala nayo utotoni, ikipenya ukutani kutoka harusi za mtaa wa pili.

"Kwa nini alisema ni Fender?" nikauliza.

"Apate kuajiriwa. Wewe ukiandika waambia watu wameajiri nani?"

Sikumjibu. Nilipita nje ya Ngome, kuta zikiwa zimeshika rangi ya jua la alasiri, besi begani. Ilikuwa nyepesi.

Nyumbani nilimweleza mamangu yote: matabaka, futi, shilingi 15,000. Nikamweleza na ya Sportsman, nikidhani itamchekesha. Alicheka kweli, hata akajifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akanyamaza.

"Haya. Si Fender. Na chuo je?"

Miezi yote hiyo tulikuwa tumeliweka swali hilo juu ya kabati, ndani ya leso. Sasa lilikuwa mezani, na sikuwa na gitaa la kujifichia nyuma yake.

"Sitaki kurudi, mama," nikasema.

Hakusema kitu. Aliichukua besi, akaanza kuiviringisha, kisha akaiacha wazi juu ya kiti.