Tete la Oboe

Kabla ya orkestra kuanza, wapigaji wote hunyamaza ili oboe itoe sauti ya la, nao hulinganisha vyombo vyao nayo. Watazamaji hukisifu chombo chenyewe, mpingo mweusi wenye funguo za fedha. Lakini sauti yazaliwa katika midomo miwili ya tete, iliyofungwa kwa uzi juu ya mrija mdogo wenye urefu wa milimeta 47. Kwa sababu hiyo sisi wapiga oboe twashinda na kisu mkononi, hata jirani hudhani tu maseremala.

Matete yanayosifiwa kuliko yote hutoka Var, kusini mwa Ufaransa, nayo bei yake si ndogo. Kipande huchongwa ndani mpaka unene wake ubaki karibu milimeta 0.6, hukunjwa, hufungwa, kisha hukatwa pale kilipokunjwa. Hapo ndipo kazi yenyewe yaanza, yaani kukwangua.

Tete jipya halijibu. Ukipuliza polepole, pumzi yapita bure. Ukikaza, lalia kama bata. Wanafunzi hukimbilia kupunguza ncha papo hapo. Sisi twaziba kwanza mwisho wa mrija kwa kidole na kupuliza: hewa ikivuja ubavuni, kisu hakitafaa kitu, afadhali kulifunga upya. Lisipovuja, twalilowesha, twaingiza kibati chembamba kati ya midomo, na kulitazama mbele ya taa. Penye kivuli pana unene. Midomo yote miwili yapasa kupitisha mwanga sawasawa, na ncha, hasa pembe zake, iwe nyembamba kuliko pote. Katikati, nyuma ya ncha, pana sehemu tuiitayo moyo. Ukiukwangua moyo, tete litajibu upesi kweli, lakini sauti itashuka na kukosa mwili, na ulichokiondoa hakirudi.

Basi twakwangua mara mbili au tatu tu, kwa kisu kikali, maana kisu butu hulazimisha mkono kukandamiza na ncha hupasuka. Kisha twajaribu si bemoli ya chini kabisa, kwa pumzi ndogo. Isipoitika, twarudi taani.

Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyepiga oboe katika orkestra ya Philadelphia mpaka 1954, aliwazoeza Wamarekani kukwangua sehemu ndefu ya tete. Ulaya wengi hukwangua fupi. Ile ndefu yatupendeza kwa sauti yake nzito, ingawa yaongeza mahali pa kuharibu.

Tete huachwa likauke usiku, nalo kesho huwa limebadilika. Twalikwangua tena, na keshokutwa tena. Sehemu ya pili ya simfonia ya nne ya Tchaikovsky huanza kwa wimbo wa oboe, watu wote wakisikiliza. Kwa saa hiyo twachukua sandukuni matete manne au matano, na kati yake twachagua, si lile lenye sauti nzuri kupita yote, bali lile linaloitika mara ya kwanza.